Majibu manne ya sukari yasiyopatana: je, mama ana kisukari au hana?

Binti Tononoka anauliza:

Asalaam aleikum. Naomba msaada wa kuelewa karatasi za vipimo nilizo nazo, kwa sababu kila nikizisoma nazidi kuchanganyikiwa. Mamangu ana umri wa miaka 61. Hana kiu ya kupita kiasi, haendi msalani usiku zaidi ya ilivyo kawaida yake, wala hajakonda, lakini kwa kuwa marehemu babu alikuwa na kisukari, alijitokeza kupimwa katika kambi ya matibabu ya bure iliyowekwa karibu na msikiti wetu. Alikuwa ameshakunywa chai ya maziwa na kula mahamri kwa mbaazi si muda mrefu kabla ya hapo. Alitobolewa kidole, mashini ikasoma 10.3, na mhudumu akamwambia aende hospitali kwa kuwa sukari iko juu.

Tulikwenda maabara moja ya mjini asubuhi, akiwa hajala chochote tangu usiku. Damu ilitolewa kwenye mshipa wa mkono. Sukari ikawa 6.6, na kile wanachokiita kipimo cha miezi mitatu, yaani HbA1c, kikawa asilimia 6.8. Daktari aliyetuona alikuwa na foleni ndefu. Alisema mama yuko mpakani, apunguze vitu vitamu, na arudie HbA1c baada ya miezi mitatu. Kabla hatujatulia, kakangu aliyeko Jeddah akatutumia mashini ya kupimia nyumbani, nayo asubuhi ya kwanza ikaandika 131. Jirani yetu aliposikia 131 alishtuka, akatuletea vidonge vyake mwenyewe ili mama aanze kuvitumia. Sijampa.

Nauliza ni nambari ipi kati ya hizi tunayopaswa kuifuata, na kama ni sawa kungoja hiyo miezi mitatu. Jambo jingine, ambalo sijui kama linahusiana: mama ameambiwa ana upungufu wa damu, na majuma machache yaliyopita ameanza vidonge vya madini ya chuma.

Mtu wa Maabara anajibu:

Wa aleikum salaam, dada. Mimi ni mfanyakazi wa maabara hapa Mombasa, si daktari, kwa hiyo nitajibu upande wa vipimo peke yake. Umefanya vyema kutompa mama vidonge vya jirani.

Tuanze na 131, kwa sababu hiyo ndiyo inayowatisha bure. Mashini zinazouzwa Saudia husoma kwa miligramu kwa desilita, ilhali hapa kwetu maabara na kliniki hutumia milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18 utapata takriban 7.3. Jirani yako pengine alilinganisha 131 na zile 7 na 8 anazozijua yeye, akaona kwamba mama anakaribia kuzirai. Andika kizio cha kipimo mbele ya kila nambari katika daftari lenu, la sivyo siku moja mtu atamtibu mama kwa hesabu isiyo yake.

Sasa hizo nambari nne hazigombani kama unavyodhani, kwa kuwa kila moja imejibu swali lake. Ile 10.3 ni sukari ya wakati wowote, iliyopimwa baada ya chakula. Kipimo cha namna hiyo huthibitisha kisukari pale tu kinapofika 11.1 au zaidi na mtu ana dalili zilizo wazi, kama kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito bila sababu. Mama hakufika hapo na dalili hana. Isitoshe, baada ya chakula damu ya kidoleni huwa na sukari nyingi kuliko damu ya mshipani, kwa sababu ile ya mshipani tayari imepita mwilini na kuacha sehemu ya sukari yake kwenye misuli. Kwa hiyo 10.3 baada ya mahamri ni sababu tosha ya kumfuatilia, lakini si hukumu.

Ile 6.6 ya maabara ni sukari ya kufunga, yaani baada ya saa 8 au zaidi bila kula wala kunywa kitu isipokuwa maji. Hapo mpaka wa kisukari ni 7.0. Shirika la Afya Duniani huhesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa hali iliyo kati, ilhali chama cha kisukari cha Marekani huanza kuihesabu mapema zaidi, kwenye 5.6, ndiyo maana utakuta maabara mbili za mji mmoja zimeandika viwango tofauti pembeni mwa jibu. Kwa viwango vyote viwili mama yuko kwenye hali hiyo ya kati. HbA1c nayo ina mpaka wa asilimia 6.5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali kwa utambuzi mwaka 2011. Kwa kipimo hicho peke yake mama amevuka.

Ndipo swali linapokuja: kwa nini kimoja kimevuka na kingine hakikuvuka? Mara nyingi ni hali halisi, kwani wako watu ambao sukari yao ya alfajiri ni nzuri lakini hupanda sana baada ya kila mlo, nayo HbA1c hukusanya yote. Lakini kuna sababu nyingine ambayo sisi wa maabara hatupendi kuisema. Damu ikishatolewa, chembe zake huendelea kula sukari ndani ya kichupa. Ikiachwa bila kutenganishwa, hupoteza kiasi cha asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa, na joto huongeza kasi hiyo. Ndiyo maana kuna kichupa chenye kifuniko cha kijivu, chenye dawa ya floraidi ya kuzuia jambo hilo, ingawa hata floraidi huchukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi yake barabara. Damu iliyotolewa Likoni asubuhi katika kichupa cha kawaida, ikangoja mpanda pikipiki, kisha ikangoja feri, inaweza kuondoka kwenye mshipa ikiwa 7.3 na kusomwa 6.6 kisiwani. Sisemi ndivyo ilivyotokea kwa mama. Nasema muulize aliyeitoa ilikaa muda gani na ilitiwa katika kichupa gani. Ni haki yenu kujua.

Mzee wa Kuze anajibu:

Mwanangu, mimi nimeishi na kisukari muda mrefu, na niongeze neno juu ya hiyo mashini ya nyumbani, maana naona watu huiamini kupita kiasi au huidharau kabisa.

Mashini hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kumtambua mgonjwa. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 huiruhusu mashini kukosea hadi asilimia 15 juu au chini ya jibu la maabara, kwa sukari inayoanzia 5.6 kwenda juu, na bado ikahesabiwa kuwa nzuri. Kwa hiyo ile 7.3 ya mamako inaweza kuwa 6.3 au 8.6. Yaani nambari hiyo moja inaweza kuangukia upande wowote wa mpaka. Kazi yake hasa ni kumwonyesha mtu ambaye tayari anajijua hali yake inaelekea wapi.

Halafu kuna hewa yetu ya Pwani. Stripu, yaani vile vibanzi vya mashini vinavyotiwa tone la damu, huharibika kwa joto na unyevu, na nyumba zetu zina vyote viwili. Kopo lake lifungwe mara tu unapotoa moja. Usizihamishie kwenye mfuko wa plastiki, usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani Mwembe Tayari, wala usizitie kwenye friji ukidhani unazihifadhi. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na pia tarehe uliyofungua kopo, kwani aina nyingi zina muda wake baada ya kufunguliwa. Mashini iliyotumwa kutoka nje ina tatizo jingine: hakikisha kwanza stripu zake zinapatikana katika maduka ya dawa ya hapa, la sivyo zikimalizika utabaki na pambo la mezani. Na mama anawe mikono kwa maji na sabuni, ajipanguse akauke. Mtu akimenya embe kisha akajitoboa kidole, anapima sukari ya embe.

Kuhusu ni lini apime, hapo wengi hupoteza stripu na pesa. Asiyetumia insulini hana haja ya kujitoboa kila siku bila mpango. Mimi huchagua mlo mmoja, nikapima kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, kisha nikaandika nilichokula na kiasi chake. Kwa njia hiyo niligundua kwamba kwangu mbaazi za nazi si adui, adui ni idadi ya mahamri. Na kwamba wali wa mchana nikiufuata kwa matembezi mafupi huleta jibu tofauti kabisa na nikiufuata kwa usingizi. Kwa watu wengi wazima waliokwisha kutambuliwa, madaktari hulenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya mlo na chini ya 10.0 baada yake, ingawa wazee na wenye maradhi mengine hulegezewa. Hakuna kitabu kitakachomwambia mama ni chakula gani cha nyumbani kwake kinachompandisha. Atajua kwa kupima hivyo.

Kijana wa Kongowea anauliza:

Samahani kuingilia. Nyumbani kwetu tumezoea kusikia kwamba ukiona sisimizi wamekusanyika mahali mtu alipokojoa, basi ana sukari, na wasipokuja yuko salama. Je, kupima mkojo hakutoshi, hasa kwa asiyeweza kulipia maabara?

Mtu wa Maabara anajibu:

Hakutoshi, kaka. Figo hurudisha sukari kwenye damu mpaka kiasi chake kipite takriban 10 katika damu, na hapo ndipo inapoanza kumwagikia kwenye mkojo. Kwa baadhi ya wazee mpaka huo huwa juu zaidi. Mtu anaweza basi kuwa na kisukari kwa miaka, sukari yake ikiwa 8 au 9 kila asubuhi, na sisimizi wasipate chochote. Sisimizi wakija, nenda kapime damu. Wasipokuja, usijipe cheti. Kipimo cha mkojo kina kazi nyingine kubwa kwa mgonjwa wa kisukari, nayo ni kutafuta protini inayoashiria kwamba figo zimeanza kuathirika, na hicho hufanywa angalau mara moja kwa mwaka.

Muuguzi wa Kliniki anajibu:

Dada wa Tononoka, nimesoma yote, na naona jambo zito zaidi katika maelezo yako ndilo uliloliweka mwisho, kana kwamba ni la pembeni. Upungufu wa damu wa mama unagusa karibu kila nambari uliyotupa.

HbA1c hupima kiasi cha sukari iliyojishikiza kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, na ndiyo maana tunasema ni kipimo cha miezi miwili hadi mitatu, ingawa mwezi wa mwisho ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Sasa mtu akipungukiwa na madini ya chuma, mwili hutengeneza chembe mpya kwa uchache, zile kuukuu zikabaki kwa wingi, na zimekaa na sukari kwa muda mrefu. Jibu hupanda kidogo hata kama sukari yenyewe haikupanda. Mashini ya kidole nayo, damu ikiwa nyepesi, huelekea kusoma juu zaidi ya ukweli. Kwa hiyo ile 6.8 na ile 131 zote mbili huenda zimesukumwa upande mmoja na sababu moja isiyokuwa kisukari, na haifai kuzichukua kama mashahidi wawili waliofika kutoka njia mbili tofauti.

Hapo ndipo pendekezo la kungoja miezi mitatu na kurudia HbA1c linaponitia wasiwasi, bila kumkosea heshima daktari, ambaye pengine hakuambiwa habari za vidonge vya chuma. Mama akivitumia vizuri, uboho wake utatoa chembe changa kwa wingi, nazo hazijapata muda wa kushikwa na sukari. HbA1c itashuka. Baada ya miezi mitatu mtasoma 6.2, mtashukuru, mtasema kupunguza sukari kumefaulu, na huenda sukari ya mama ikawa ni ileile.

Kwa mtu asiye na dalili, kisukari hakithibitishwi kwa jibu moja. Hutakiwa majibu mawili yaliyovuka mpaka. Kanuni ya kawaida, vipimo viwili vinapotofautiana, ni kurudia kile kilichovuka. Lakini kilichovuka kwa mama ndicho kile tusichoweza kukiamini kwa sasa, kwa hiyo ningemwomba daktari atumie vipimo vya sukari yenyewe: arudie sukari ya kufunga kutoka mshipani, katika kichupa cha kijivu kinachofika maabara upesi, na pamoja nayo afanyiwe kipimo cha kunywa glukosi. Hicho kwa maoni yangu ndicho kinachomfaa zaidi. Ale kama kawaida kwa siku tatu kabla, asijinyime wanga, afunge usiku, asubuhi atolewe damu, anywe gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji ndani ya dakika 5, akae ametulia, na baada ya saa 2 atolewe tena. Jibu la saa 2 likiwa chini ya 7.8 ni la kawaida, kuanzia 7.8 hadi 11.0 mwili umeanza kushindwa kuimudu sukari, na 11.1 kwenda juu ni kisukari. Kinachosha kidogo, na si kila maabara hupenda kukifanya kwa sababu ya muda, lakini hakitegemei umri wa chembe nyekundu.

Kuna swali moja zaidi la kuulizwa nyumbani: je, katika ukoo kuna selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu? Huku Pwani si jambo la nadra. Mwenye ugonjwa wenyewe, chembe zake hufa mapema mno na HbA1c hutoka chini kuliko ukweli. Aliye na chembeuzi moja tu, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja, mara nyingi hana shida, lakini baadhi ya mashini za maabara huchanganyikiwa na hemoglobini yake, kwa hiyo maabara iambiwe. Kuongezewa damu hivi karibuni nako huharibu kipimo.

Na vile vidonge vya jirani virudishwe kwa shukrani. Kama ni metformini, bado figo za mama zingepaswa kupimwa kwanza. Kama ni glibenklamidi, hicho hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hakula, na mama mwenye sukari ya 6.6 anaweza kushushwa chini ya 3.9, akatetemeka, akatoka jasho na kupoteza fahamu.

Binti Tononoka anauliza tena:

Shukrani nyingi, nimeelewa kwa nini tulichanganyikiwa. Selimundu ipo, mtoto wa mamangu mdogo anayo. Mama amekataa kabisa kungoja, lakini ana neno moja: yeye hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na Ramadhani hafungulii kwa urahisi. Anauliza kama anaweza kupimwa sukari ya kufunga jioni kabla ya Magharibi, ili asiharibu siku, na kama kutobolewa kidole kunabatilisha saumu.

Muuguzi wa Kliniki anajibu:

Kwa habari hiyo ya selimundu, mwandikie daktari kwenye karatasi pamoja na jina la vidonge vya chuma na tarehe alipovianza, asitegemee kumbukumbu ya mama kwenye foleni.

Kutobolewa kidole, wanazuoni wengi wanasema hakubatilishi saumu, na miongozo ya kitabibu ya kisukari na Ramadhani huwahimiza wagonjwa wapime mchana wakiwa wamefunga. Miongozo hiyo inasema mtu afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, au akijihisi vibaya. Hayo ni kwa aliyekwisha kutambuliwa. Kwa mama bado hatujafika huko.

Kwa utambuzi asipime jioni. Mpaka wa 7.0 ulitokana na damu ya asubuhi baada ya kulala, na sukari ya alasiri, hata kwa aliyefunga saa nyingi, kwa wastani hutoka chini, hivyo mtu anaweza kuonekana mzima naye si mzima. Kipimo cha kunywa glukosi nacho hakiwezekani kwa aliye katika saumu. Achague Jumanne au Jumatano, aamkie maabara kabla ya kifungua kinywa, na awahi ile safari ya kwanza ya sampuli.

Mtu wa Maabara anajibu:

Nakubaliana na muuguzi kwa kila jambo, isipokuwa nisingeitupa HbA1c moja kwa moja. Ibaki katika faili. Mama akithibitishwa kuwa na kisukari, na damu yake ikishakuwa sawa kwa miezi kadhaa, kipimo hicho ndicho atakachofuatiliwa nacho: kila baada ya miezi mitatu dawa zikibadilishwa, na mara mbili kwa mwaka akitulia, lengo la wengi likiwa chini ya asilimia 7, ambayo ni sawa na wastani wa sukari wa 8.6 hivi. Hakihitaji kufunga. Kipimwe kila mara katika maabara ileile, na kila kinapopimwa aombe na kiwango cha hemoglobini katika karatasi hiyohiyo, ili atakayesoma sukari zake azisome pamoja na damu yake.